Kabla ya Kuihukumu Betri

Mteja anayefika kwenye meza ya fundi simu, iwe Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, mara nyingi huja na hukumu mkononi: betri imekufa, nibadilishie. Fundi mwenye haraka atabadilisha, atapokea hela yake, na baada ya wiki mbili simu itarudi na ugonjwa uleule. Fundi anayeijua kazi ataanza kwa maswali. Chaji inaisha haraka au haiingii? Inazima ikiwa na asilimia ngapi? Unachajia chaja gani, na wapi? Nyuma ya kauli moja ya "betri imekufa" hujificha matatizo yasiyo na undugu: simu inayokula umeme kupita kiasi, umeme usiofika kwenye betri, mita inayosoma vibaya, na mwisho kabisa betri iliyochoka kweli. Kwa maoni yangu betri nyingi hutupwa bila kusikilizwa, na zile zinazokufa kweli huuawa na joto kuliko kitu kingine chochote. Ule ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, wa kubaki kati ya asilimia 20 na 80, una ukweli ndani yake, ila umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye soketi kila chumba na umeme usiokatika.

Betri ya simu janja ni ya lithiamu-ioni, na imepita mikono mingi kabla ya kutufikia. Stanley Whittingham aliunda mtangulizi wake, betri ya lithiamu ya kuchajika, katika miaka ya 1970 akiwa kwenye kampuni ya mafuta ya Exxon. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba oksidi ya kobalti inaweza kuhifadhi lithiamu kwa volti kubwa zaidi. Karibu wakati huohuo Rachid Yazami, Mmoroko mzaliwa wa Fez aliyekuwa akisoma Grenoble, alithibitisha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka kwenye grafaiti. Akira Yoshino wa Japani alitengeneza betri iliyo salama kutumika mwaka 1985, na Sony ikaiingiza sokoni mwaka 1991. Whittingham, Goodenough na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Tuzo hiyo haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu, na Yazami akabaki nje, ingawa grafaiti ndiyo iliyomo kwenye karibu kila simu iliyo mfukoni mwa msomaji wa makala hii.

Ukichaji, ioni za lithiamu hutoka upande wa kobalti na kwenda kujibanza katikati ya matabaka ya grafaiti. Ukitumia simu, zinarudi zilikotoka, huku elektroni zikipita njia ya nje, kwenye saketi ya simu, na huo ndio umeme unaowasha kioo. Kwa nadharia safari hiyo ingeweza kurudiwa bila mwisho. Tatizo ni kwamba juu ya grafaiti kuna utando mwembamba uliojengeka tangu betri ilipochajiwa kiwandani kwa mara ya kwanza. Utando huo ni wa lazima, maana ndio unaoizuia elektroliti, majimaji yanayopitisha ioni, isiliwe ovyo, lakini hauachi kunenepa. Unaponenepa unanasa lithiamu ambayo haitarudi tena kazini, na unabana njia kwa ile iliyobaki. Ndiyo maana betri inayozeeka hupatwa na mambo mawili kwa pamoja: inabeba kidogo, na hicho kidogo inakitoa kwa shida. Hilo la pili wataalamu huliita ukinzani wa ndani, na wanunuzi wengi hawalijui kabisa, ilhali ndilo linaloeleza vituko vingi vya simu kuukuu.

Vitu viwili huuchochea uharibifu huo kuliko vingine: joto, na kukaa muda mrefu kwenye volti ya juu. Betri iliyojaa husimama kwenye volti 4.2 kwa zile za zamani, na karibu na 4.4 kwa nyingi za sasa. Huko juu ndiko kemia yake inakokosa utulivu. Ikikaa huko ikiwa ya baridi, inachoka polepole. Ikikaa huko ikiwa ya moto, inachoka mbio. Haya mawili yakishaeleweka, karibu kila kanuni ya utunzaji mtu anaweza kuifikia mwenyewe.

Umri wa betri hupimwa kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata kama ni nusu leo na nusu kesho. Apple inasema betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500. Kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Mtu anayemaliza chaji nzima kila siku atafikisha 500 kwa mwaka mmoja na miezi minne hivi. Asilimia 80, hata hivyo, si kifo. Simu yenye betri ya mAh 5,000, ambazo ndizo nyingi madukani kwetu sasa, ikishuka hadi asilimia 80 inabaki na mAh 4,000, na si zamani sana hiyo ilikuwa betri kubwa ya kujivunia.

Kabla ya kwenda kwenye uchunguzi wenyewe, kuna mzigo wa imani za zamani wa kuutua. Wapo wauza simu ambao mpaka leo humwambia mteja aichaji simu mpya saa nane kabla ya kuiwasha, na wapo watumiaji wanaosubiri simu izime ndipo waichomeke, eti isizoee vibaya. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za betri za nikeli. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilitoka na betri ya aina hiyo, na ndugu yake wa nikeli na kadmiamu ndiye aliyesifika kwa kukumbuka mahali alipozoea kuchajiwa. Lithiamu haina tabia hiyo kwa kiwango cha kumhusu mtumiaji. Simu mpya inatoka kwenye boksi ikiwa na chaji ya kutosha kuwashwa hapohapo. Kuimaliza hadi sifuri kila mara ni kuichosha bure.

Sasa uchunguzi. Mahali pa kuanzia ni matumizi, kwa sababu kuyachunguza hakugharimu kitu. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Betri, usome nini kimetumia nini tangu simu ilipojaa. Mara nyingi kioo ndicho kinachoongoza, na hapo hakuna muujiza zaidi ya kupunguza mwanga. Programu moja ambayo hujaifungua tangu asubuhi lakini inaongoza orodha, hiyo ndiyo mwizi. Ifute au uinyime ruhusa ya kufanya kazi kwa kujificha. Programu nyingi zinazojiita za kuokoa betri ni mzigo juu ya mzigo. Hata kufagia programu zote kila baada ya dakika tano hakusaidii, kwa kuwa kuiwasha programu upya kunakula umeme kuliko kuiacha imelala.

Mwizi mkubwa asiyeonekana vizuri kwenye orodha ni mtandao dhaifu. Simu iliyo mbali na mnara hupandisha nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike. Ikiwa na laini mbili, na moja kati yake haina mtandao kabisa pale ulipo, itaitafuta usiku na mchana bila kuchoka. Mtu anatoka Dar akiwa na simu inayomaliza siku nzima, anafika kwao Kilwa vijijini, na saa nane mchana simu imezima. Anaihukumu betri. Kesho yake azime ile laini isiyoshika, au airudishe simu kwenye 3G pale ambapo 4G inakuja na kupotea, halafu aone tofauti. Simu iliyotoka kupokea toleo jipya la mfumo nayo huweza kula chaji kwa siku moja au mbili inapopanga mambo yake, kisha ikatulia.

Kuna kipimo kimoja rahisi ninachokipenda kwa sababu kinatenganisha matumizi na ubovu. Ijaze simu usiku, iweke kwenye hali ya ndegeni, ilale. Asubuhi simu nzima huwa imepoteza asilimia mbili tatu. Ikipoteza kumi na tano au ishirini bila kuguswa, kuna kitu kinavuja: ama betri yenyewe, ama shoti ndogo kwenye bodi, hasa kama simu iliwahi kuingia maji. Hapo ndipo pesa ya fundi inapokuwa na kazi.

Halafu kuna zile zisizoingiza chaji. Hapa ndipo ninapoamini betri husingiziwa kuliko popote pengine. Nilimtazama fundi mmoja akitumia kifaa kidogo chenye namba za kijani, mita ya USB, anayoichomeka kati ya chaja na simu. Mama mmoja alikuwa ameleta simu iliyochajiwa tangu alfajiri na haijavuka asilimia 30. Mita ikasoma ampea 0.38. Fundi akabadilisha waya, akaweka wake: 0.41. Akazima simu, akamulika tundu la chaja, akachonga kijiti cha meno kikawa chembamba, akaanza kuchokonoa polepole ukutani mwa tundu bila kugusa ulimi wa katikati. Likatoka tonge la kijivu, nyuzi za nguo na vumbi vilivyoshindiliwa na plagi mpaka vikawa vigumu. Akachomeka tena, safari hii plagi ilizama hadi mwisho na ikatoa mlio. Mita: 1.62.

"Betri yako nzima, mama. Ulikuwa unachaji vumbi la pochi."

"Na yule wa jana alitaka elfu thelathini na tano!"

"Nipe mbili, ya kijiti."

Mita ya aina hiyo ni ya bei ndogo, na fundi asiyekuwa nayo ninamtilia shaka. Inaonyesha mengine mengi. Waya mwembamba wa mita mbili, hasa ule wa kuokota barabarani, hupoteza volti njiani, na simu ikiona volti imeshuka hujipunguzia yenyewe mkondo inaouvuta. Chaji ya haraka nayo inahitaji simu na chaja kuelewana kwanza kupitia pini ndogo ndani ya tundu. Pini moja ikikatika au ikishika kutu, maelewano yanavunjika na simu inarudi kwenye mwendo wa kawaida bila kutoa sababu. Ukanda wa pwani una adha yake: hewa ya chumvi na jasho huacha rangi ya kijani kwenye pini. Na ukiona kioo kinajibonyeza chenyewe simu ikiwa kwenye chaja, halafu kinaacha ukiichomoa, iache betri na utupe chaja. Umeme wake ni mchafu. Simu iliyolowa haina haja ya kuzikwa kwenye mchele. Apple yenyewe iliwaonya wateja wake mwaka 2024 kwamba chembe za mchele zinaweza kuidhuru. Ielekeze tundu chini, ipige upepo, na usichaji mpaka ikauke.

Simu inapokubali chaji vizuri, na haina mwizi ndani, bado kuna mita yake yenyewe ya kuitilia shaka. Asilimia unayoiona pale juu haipimwi moja kwa moja. Simu huhesabu umeme ulioingia na uliotoka, ikachanganya na volti, ikakadiria. Makadirio hayo yakipotoka, simu inaweza kukaa kwenye asilimia moja kwa nusu saa, au kuruka kutoka 40 hadi 25. Kuiacha imalizike kabisa mara moja na kuijaza bila kuikatiza husaidia mita kujirekebisha. Mita tu. Betri haiongezeki hata tone, na kurudia zoezi hilo kila wiki ni kuichosha betri kwa faida ya namba.

Dalili ya betri iliyochoka kweli ni nyingine: simu inazima ghafla ikiwa na asilimia 30, hasa unapofungua kamera, unapowasha tochi au kupiga simu mahali penye mtandao hafifu, na ukiichomeka tu inawaka ikionyesha bado 28. Huo ndio ule ukinzani wa ndani. Ni mfano wa tangi lililojaa lenye bomba lililoziba kutu: ukifungua koki moja maji yanakuja, ukifungua tatu yanakata, na tangi bado limejaa. Umeme umo, ila betri haiwezi kuutoa kwa kasi kamera inayoutaka. Volti inaporomoka kwa nukta ya sekunde, na simu inajizima kujilinda.

Tatizo hilohilo ndilo lililoiingiza Apple kwenye mgogoro. Mwanzoni mwa 2017 ilisambaza toleo la mfumo lililopunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ovyo. Kiufundi lilikuwa suluhisho la akili. Kosa ni kwamba hawakuwaambia wenye simu, na wengi walidhani simu zimezeeka wakanunua mpya. Kampuni ilikiri Desemba 2017, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani. Tangu hapo iPhone huonyesha afya ya betri waziwazi. Kwa Android bado ni bahati nasibu: baadhi ya simu zinaonyesha, nyingi za bei ya chini hazionyeshi, na mtumiaji anabaki kusoma dalili.

Betri iliyovimba haihitaji uchunguzi. Mfuniko wa nyuma unaachia, au kioo kinanyanyuka upande mmoja na mwanga kuchungulia. Ndani, elektroliti imevunjika ikawa gesi. Watu huibonyeza irudi, wengine huitoboa itoe hewa. Hao wote wanacheza na moto kwa maana halisi. Elektroliti inawaka, na pande mbili za betri zimetenganishwa na karatasi ya plastiki nyembamba kuliko unywele. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kuiondoa sokoni na hatimaye kuiua Galaxy Note 7, na uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha kasoro ndogo mno: kona ya elektrodi iliyopinda kwenye betri za kiwanda kimoja, na vijichongo vya uchomeleaji kwenye za kiwanda kingine. Ikiwa milimita chache zilitosha kuiangusha simu ya kampuni hiyo, bisibisi ya mtu anayetoboa betri iliyovimba itafanya zaidi. Zima simu, usichaji tena, ipeleke kwa fundi ikiwa mkononi badala ya mfuko wa nyuma wa suruali.

Nimesema joto ndilo adui mkubwa. Apple inashauri iPhone itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Dar es Salaam mwezi Februari hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, kabla simu haijafanya kazi yoyote. Mtazame dereva wa bodaboda: simu imefungwa kwenye usukani, jua la saa saba linaipiga kwenye kioo cheusi, ramani iko wazi, data imewashwa, mwanga umepandishwa hadi mwisho ili asome, na waya umechomekwa kutoka kwenye betri ya pikipiki. Kila kinachozalisha joto kipo pale kwa wakati mmoja. Simu inapunguza mwanga yenyewe, inakataa chaji, na mwenyewe anailaani. Kuchaji kukisubiri kivuli cha kijiweni, na kava la mpira likavuliwa, betri hiyo itapata miezi mingi zaidi.

Kadhalika kibanda cha kuchajia simu kijijini. Simu kumi na tano juu ya rafu moja, bati juu yake, dirisha limefungwa kuzuia wezi. Zinajaa saa tano asubuhi, wenyewe wanarudi saa kumi na moja jioni. Saa sita nzima kila simu imekaa kwenye volti ya juu ndani ya joto la bati, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima. Mwenye kibanda anayechomoa zilizojaa na kuziweka chini sakafuni, penye ubaridi, anawafanyia wateja wake kazi ambayo hawatamlipa.

Kuchaji usiku kucha ni jambo dogo kuliko linavyosemwa. Simu hukata chaji inapojaa. Haijazwi kupita kiasi. Hasara ipo, ya kukaa juu kwa saa nyingi, na ndiyo maana simu za sasa zina chaguo la kusubiri hadi karibu na alfajiri au kuishia asilimia 80. Ukiwa nalo, liwashe. Ubaya halisi wa usiku ni simu iliyo chini ya mto, iliyofunikwa na kitenge, ikiwa imechomekwa kwenye chaja ya kuokota. Hapo joto halina pa kwenda, na hatari si ya betri peke yake.

Hapo ndipo ushauri wa 20 na 80 unapopata mahali pake. Ni kweli kwamba betri inayozunguka katikati huishi zaidi kuliko inayopanda na kushuka yote. Lakini anayelipia kibandani kwa kila chaji hawezi kuiondoa simu ikiwa na 80, amelipia 100. Na wakati wa mgao kama ule wa mwishoni mwa 2023 Tanzania, mtu mwenye akili huijaza simu pindi tu umeme unaporudi. Simu ni ya kutumiwa. Asiyeweza kuchagua asilimia bado anaweza kuchagua kivuli, na kwa hali ya hewa yetu kivuli kinaleta tofauti kubwa zaidi. Gharama ya umeme wenyewe haina hoja: betri ya mAh 5,000 hubeba wati-saa 19 hivi, na hata ukiongeza unaopotea njiani, uniti moja ya umeme wa LUKU inatosha kuijaza mara arobaini.

Simu inayowekwa kabatini miezi kadhaa ihifadhiwe na nusu ya chaji. Ikiachwa tupu itaendelea kushuka yenyewe hadi ikatae kuchajiwa. Mafundi huishtua betri ya namna hiyo kwa umeme wa moja kwa moja, na mara nyingine inaamka. Ikiwa ilishuka sana, shaba ya ndani huwa imeyeyuka na inaweza kutengeneza shoti baadaye, kwa hiyo kuamka kwake si habari njema sana.

Betri ikishathibitika imechoka, shida inahamia kwenye ya kununua. Enzi za BL-5C ya Nokia, ile ya volti 3.7 ambayo hadi leo inaendesha redio ndogo za sokoni, kila mtu aliibadilisha mwenyewe kwa ukucha, na iliyotolewa iliwekwa kwenye chaja ya kobe. Hata hivyo enzi hizo hazikuwa salama kama tunavyozikumbuka: mwaka 2007 Nokia ilitoa tahadhari kuhusu betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita, zilizoweza kupata moto kupita kiasi zikichajiwa. Ikiwa betri halali inaweza kukosea, feki inakosea kwa makusudi. Inapunguza saketi ya ulinzi, inapunguza kihisi joto, inaweka seli iliyokwishatumika ndani ya karatasi mpya. Namba iliyochapishwa haithibitishi chochote. Betri za tochi zenye umbo la 18650 huuzwa zikiwa na maandishi ya mAh 9,900, ilhali seli bora kabisa za ukubwa huo huishia karibu na 3,500. Betri ya simu yenye umbo lilelile la zamani lakini inayodai uwezo mara moja na nusu inasema uongo uleule. Ipime uzito mkononi dhidi ya ya zamani: iliyo nyepesi imepungukiwa kitu.

Pawabenki nazo zina hesabu yake. Ya mAh 10,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za ndani. Ikipandishwa hadi volti 5 za USB zinabaki 7,400, na ukitoa unaopotea kama joto, simu ya mAh 5,000 itajaa mara moja na kidogo. Anayelalamika kwamba haijazi mara mbili hajaibiwa. Amesoma namba nje ya muktadha wake.

Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, zaidi ya theluthi mbili, inachimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na nyingi yake inatoka kuzunguka Kolwezi, mji wa jimbo la Lualaba ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na mgodini. Baadhi yake huchimbwa kwa sururu na mikono mitupu, kwenye mashimo yasiyo na nguzo. Magari ya umeme yameanza kuikimbia kobalti kwa kutumia betri za chuma na fosfati, lakini simu bado zinaing'ang'ania kwa sababu inabeba umeme mwingi katika nafasi ndogo. Betri nzima iliyotupwa kwa sababu ya tonge la vumbi ina mahali ilipotoka, na Waswahili wana sababu kuliko wengine ya kupajua.

Ulaya imechukua njia ya sheria kurefusha umri wa betri. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu janja mpya zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wa betri baada ya mizunguko 800, na kuanzia Februari 2027 kanuni nyingine itataka betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa ina misamaha yake. Kwetu mamlaka za mawasiliano za Tanzania (TCRA) na Kenya huidhinisha aina za simu kabla ya kuuzwa, na sioni kwa nini idadi ya mizunguko isidaiwe kuandikwa ubavuni mwa boksi, karibu na megapikseli za kamera. Mpaka hapo, mnunuzi ana swali lake la kumuuliza muuzaji kabla hajatoa hela: betri ya toleo hili inapatikana wapi, na kuibadilisha ni bei gani? Akijibiwa kwamba simu ni mpya mno na betri zake hazijafika, ajue kwamba miaka miwili ijayo fundi atamfungia betri ya simu nyingine, iliyokatwa kichwa na kuunganishwa kwa risasi kwenye kichwa cha ile ya zamani.